Chekeche na Mji Mtupu

Asubuhi ile ilikuja mara ya pili kabla ile ya kwanza haijamaliza chai yake. Ndivyo mambo yalivyokwenda katika Nyumba ya Majaribio, na mzoefu hakushangaa. Jua lilichomoza, likapanda hadi usawa wa meza, kisha sauti moja kule ndani ikasema, "Rudieni," nalo jua likarudi nyuma ya kilima bila kinyongo, kama mtoto aliyeambiwa akanawe miguu tena. Watu wa nje waliishi siku moja kwa siku moja, kama Mungu alivyopanga. Watu wa Nyumba waliishi siku moja iliyofuliwa, ikaanikwa, ikafuliwa tena, mpaka ikapauka rangi, na mtu akawa hajui anachokitafuna ni mkate au ni kumbukumbu ya mkate.

Humo ndimo alimofanya kazi Sikudhani, na kazi yake ilikuwa kuumba miji. Usicheke; wako watu kazi yao ni kubomoa miji na hakuna anayewacheka. Aliiumba ndani ya kompyuta kubwa iliyolala katikati ya Nyumba ikipumua joto kama ng'ombe mwenye mimba. Aliandika amri, na nyuma ya kioo mji ukasimama na mitaa yake, visima vyake na wambeya wake. Watu wa miji hiyo hawakuwa na nyama wala damu. Walikuwa na majina na majirani tu, na ukitazama vizuri, wengi hapa nje nao hawana zaidi ya hayo.

Kwa nini kuhangaika na miji ya uongo, na wa kweli uko palepale nje ya lango unabweka na kupika? Kwa sababu ule wa kweli ulikuwa mgonjwa. Uliingiliwa na usahaulifu. Mtu alitoka kwenda kununua chumvi, akarudi na chumvi mkononi, jina hana. Alisimama mlangoni mwake mwenyewe kama mgeni, akitazama viatu vyake na kujiuliza vimemleta nani. Jina la mji lilikuwa miongoni mwa yale yaliyotangulia kupotea, ndiyo maana halitajwi humu. Si siri. Hakuna aliyebaki nalo.

Wakubwa wakataka kujua usahaulifu huu unatoka mtaa gani, maana mkubwa akikosa la kufanya hutafuta pa kunyooshea kidole. Yakatundikwa masikio ya chuma kila kichochoro, kila ukumbi, chini ya kila dirisha, hata humo ndani ya Nyumba, kwani sheria ilisema pasiwe mahali pasiposikilizwa. Masikio yalitega maneno mawili tu: *Mimi nani?* Kila yaliposikika yalipelekwa kwenye kompyuta, na huko yakakutana na Chekeche.

Chekeche ilitengenezwa na Pandu, mtu wa Mji wa Juu, ule mtaa wa wenye nafasi, mwembamba, msafi, aliyeziamini hesabu kama wengine wanavyoamini mvua. Ilikuwa njia mpya kabisa ya kuchambua. Uliimwagia maswali yote ya mji, ikayatikisa, ikatazama swali gani limefuatwa na swali gani, nyumba gani imefuatwa na nyumba gani, pumba zikaanguka, ikabaki punje, yaani mtaa ule ambako usahaulifu unazaliwa na kurithishwa jirani kwa jirani. Kisha mshale mwekundu uliokuwa juu ya ramani, ukutani, ukageuka na kuuonyesha mtaa huo. Pandu aliufanya mshale uthamini habari mpya kuliko ya jana, kwa sababu, alisema, ugonjwa hukimbia na anayeufuata asitazame nyayo zilizokwisha kukauka.

Na mtaa utakaoonyeshwa ungehamishwa wote, wenye majina na wasio na majina, kupelekwa ng'ambo ya kilima, kule ambako hakuna aliyewahi kurudisha hata salamu. Malori yalikuwa yamekwisha kuwashwa nje. Yalinguruma tangu asubuhi ya kwanza, yakanguruma ya pili, vioo vya madirisha vikitetemeka kama meno ya mtu mwenye baridi.

Sasa, huwezi kuijaribu chekeche mpya juu ya mji wa kweli. Katika mji wa kweli hakuna anayelijua jibu, na ukimwuliza mganga jambo ambalo wewe mwenyewe hulijui, lolote atakalosema litakuwa jibu. Ndiyo sababu wakamhitaji Sikudhani. Aliumba mji, akaficha punje kwa mkono wake mahali ajuapo yeye peke yake, kisha akamwambia Pandu, haya, tafuta. Chekeche ikatafuta, mshale ukageuka, ukaenda palepale. Akaumba mwingine, akaficha kwingine. Mshale ukafuata kama mbwa aliyesikia harufu ya mfupa. Nyumba nzima ikapiga makofi. Pandu akalia machozi kidogo, akayafuta kwa leso iliyopigwa pasi.

Ndipo wakaimwagia maswali ya mji wa kweli, kwa kuonja tu. Mshale ukageuka taratibu, ukasimama juu ya Mtaa wa Wafinyanzi.

Huko ndiko alikolelewa Sikudhani. Huko aliishi shangazi yake Mwanahija, aliyemlisha, aliyemchapa, aliyemfundisha kusuka nywele na kumtukana mtu kwa heshima. Kilichobaki ni kidole gumba cha Sikudhani kwenye karatasi ya Mkuu wa Nyumba, kushuhudia kwamba majaribio yalikuwa ya haki. Kabla ya kidole, mshale ule ulikuwa mchezo. Baada ya kidole, ulikuwa sheria.

Akakitazama kidole chake. Kidogo, kifupi, na kovu la kisu.

Ungekuwa mtaa wa wengine, akajiuliza, ungetia? Ungetia. Basi kinachokuzuia si haki, ni shangazi. Na kama ni shangazi, je, haki haijawahi kuwa na shangazi? Majaribio yamepita. Umeficha, imepata. Umeficha, imepata. Unataka nini zaidi? Nataka nisifiche. Nataka nisifiche kitu halafu nione itapata nini.

Wazo hilo lilimjia likiwa limevaa nguo za kawaida, kama jirani anayekuja kuomba moto, na alipolifungulia tu mlango akajua limekuja kuchoma nyumba. Kwa maana katika majaribio yote, hakuna aliyewahi kuipa Chekeche mji ambao hauna kitu ndani.

Akakaa, akaumba mji mtupu, wenye mitaa ileile ya mji wa kweli kama miji yake yote. Humo usahaulifu haukutoka mtaa wowote wala haukurithishwa na mtu yeyote. Ulidondoka kutoka juu kama manyunyu, huyu umempata, yule umemkosa, bila sababu, bila mwanzo. Mji wa namna hiyo, chekeche yenye akili ingeutikisa, ikatikisa, ikasema: sioni kitu.

Mshale mdogo wa majaribio, ule wa kwenye kioo chake, ukageuka. Ukasimama juu ya Mtaa wa Wafinyanzi.

Sikudhani akaufuta mji ule. Akasema, "Rudieni." Jua likarudi nyuma ya kilima, mji mtupu mwingine ukasimama, manyunyu yakadondoka kwingine. Mshale ukazunguka, ukasita kidogo kama mtu anayejifanya hajui njia ya kwake, ukasimama juu ya Wafinyanzi. Akarudia tena. Wafinyanzi. Tena. Wafinyanzi.

"Unafanya nini?" Pandu alikuwa amesimama mlangoni, uso umemkauka. "Majaribio yamekwisha, dada. Mkuu yuko ukumbini. Mashahidi wa mitaa yote wamekwisha kuingia."

"Njoo utazame chekeche yako inavyokula hewa na kucheua nyama."

Pandu akaja, akatazama, akatazama tena. Alikuwa mtu mwaminifu, na mtu mwaminifu akipata habari mbaya hutumia muda kuitafutia kiti.

"Umeupa mji gani?"

"Mtupu."

"Una hakika ni mtupu?"

"Nimeuumba mwenyewe."

"Ndiyo maana nauliza," akasema Pandu. "Kama chekeche ni mbovu, mshale ungeyumba, leo huku, kesho kule. Huu hauyumbi. Unaona kitu, Siku. Humo ndani kuna kitu, na kama hukukificha kwa kujua, umekificha kwa kutojua." Akavua miwani, akaisugua, ingawa ilikuwa safi. "Kitafute upesi. Au tia kidole."

Akaondoka. Nje, lori moja lilipiga honi, na mengine yakaitikia.

Hapo ndipo Sikudhani aliposikia viatu vya plastiki vikija ukumbini, tapa, tapa, na harufu ya moshi wa tanuri ikatangulia. Mtaa wa Wafinyanzi ulikuwa umemtuma Mwanahija awe shahidi wake, si kwa hekima, la, kwa mdomo. Walisema shahidi mkimya wanaye kila nyumba, na hakuna aliyewahi kuwafaa.

"We mtoto," akasema Mwanahija akijitupa kwenye kiti cha Pandu. "Kwenu huku hamkaribishi watu? Nimekaa ukumbini pale na yule mwanamke wa Mji wa Juu, Salhina, amenigeuzia mgongo kama mimi ndiye niliyemkaanga samaki wake. Haya, nionyeshe hiyo miji yako."

Sikudhani aliujua mtaa uliotajwa na mshale. Mwanahija hakuujua. Sheria ilimkataza Sikudhani kusema kabla ya kidole, na sikio la chuma lilikuwa juu ya mlango. Akamgeuzia kioo.

"Ndiyo hii, shangazi. Hii hapa kwenye kioo."

"Umeniweka humo?"

"Nimekuweka."

"Katika huu?"

"Katika yote."

Mwanahija akafurahi, akajiweka sawa mtandio kama anayepigwa picha. "Nimevaa nini?"

"Watu wa humo hawavai nguo, shangazi. Ni hesabu."

"Astaghfirullah. Umenizungusha uchi katika miji yote!" Akacheka mpaka akakohoa. "Na majirani zangu umewaweka? Faki je?"

"Mtaa wetu ndio ninaoanza nao siku zote. Ndio ninaoujua. Ile mingine naijaza kwa taarifa za ofisini."

"Faki huyo usimwache. Juzi si kapotewa na jina? Kaja mlangoni kwangu na kikapu kichwani, 'Mwenzangu, mimi nani?' Nikamwambia, wewe Faki, mwizi wa mkaa wangu. Halafu nami nikamuuliza, na mimi je, mimi nani? Si ndiyo adabu? Huwezi kumwacha mtu na aibu yake peke yake kama kidonda kisichofunikwa. Akanijibu, wewe Mwanahija, mchoyo wa mkaa. Tukacheka. Mama wa nyumba ya pili akasikia, akatoa kichwa dirishani, 'Na mimi?' Jirani yake, 'Na mimi?' Basi tukaulizana mtaa mzima mpaka kwenye tanuri la mwisho, kila mtu anatajwa na aibu yake ndogo. Faki kaondoka amenyooka, jina lake kalivaa kama kofia mpya."

Aliendelea kusema, lakini Sikudhani hakumsikia tena. Aliweka paji la uso kwenye kioo, na kioo, ambacho kwa muda mrefu hakikuwa na hakika ni ukuta au ni mlango, kikamruhusu.

Akawa amesimama kichochoroni, katika mji mtupu. Vumbi halikuwa na harufu. Hapa alijua kila tofali kwa sababu kila tofali alilitaja yeye. Milango ya mitaa mingine ilikuwa milango tu, mistatili. Ya Wafinyanzi ilikuwa na mikwaruzo ya vijiti vya watoto. Hakukumbuka kuandika mikwaruzo. Mkono ulikuwa umeiandika wenyewe, kama mkono wa mpishi unavyotia chumvi huku mdomo unaongea.

Tone la usahaulifu likamdondokea mtu mmoja aliyekuwa akipita. Akasimama. Akamgeukia mwanamke aliyeketi kizingitini, na mwanamke huyo alikuwa Mwanahija, bila nguo wala uchi, Mwanahija wa hesabu.

"Mimi nani?"

"Wewe Faki. Na mimi nani?"

"Wewe Mwanahija."

"Na mimi?" dirisha likauliza.

"Na mimi?" likauliza la pili, na swali likakimbia kichochoro kizima likiruka kutoka mdomo hadi mdomo, na juu ya kila mdomo sikio la chuma likatikisika: mmoja, na jirani yake, na jirani wa jirani yake. Hakuna aliyesahau isipokuwa yule wa kwanza. Wengine wote walikuwa wakimstiri.

Hii ndiyo punje. Hii. Sikuificha, nimelelewa nayo. Niliwaumba watu wa mitaa mingine wakiuliza na kujibiwa, basi. Wa kwetu nikawaumba wakiuliza, wakijibiwa, wakirudisha swali, na sikuiona kuwa ni kitu, kama samaki asivyoyaona maji. Ilipokuwepo punje ya kweli, mshale uliifuata kwa sababu ilipiga kelele zaidi. Isipokuwepo, mshale umefuata adabu. Na kule nje, katika mji wenye nyama, Wafinyanzi wanarudishiana swali mpaka tanuri la mwisho, na Mji wa Juu mtu akipotewa na jina hufunga mlango, huketi gizani na mkewe humwita "mheshimiwa" mpaka apone. Masikio hayasikii mlango uliofungwa. Chekeche haikamati wanaosahau. Inakamata wanaoulizana.

Mwanahija wa hesabu akamtazama. "Wewe hukutajwa," akasema. "Unakuja kila asubuhi, unatuwasha, unatuzima, hujauliza hata mara moja. Nani amekuumba wewe, usiye na adabu?"

Na kwa mbali sauti ikasema, "Rudieni." Sikudhani hakujua imetoka upande gani wa kioo. Akaogopa hofu ambayo hakuwahi kuionja: kwamba labda mji wake wa kweli nao umesimamishwa na mtu ili kujaribu chekeche fulani, na kwamba mtu huyo naye ameegemea kioo, anasita na kidole chake. Akamwombea mtu huyo awe na shangazi.

"We mtoto, umelala?" Mkono wenye ngozi ya udongo ulikuwa ukimtikisa bega. "Wanatuita."

Ukumbini, Mkuu wa Nyumba, Bwana Machano, alisimama chini ya ramani. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ndogo, na hiyo ndiyo iliyowatisha watu, maana iliwabidi wanyamaze ili wamsikie. Mashahidi wa mitaa walikaa kwenye mabenchi. Sikio la chuma lilining'inia juu yao kama tunda lililoiva vibaya. Mshale ulikuwa umefunikwa kitambaa, kwa heshima ya utaratibu.

"Kidole," akasema Machano.

"Bwana Mkuu, kuna neno."

"Neno hutangulia kidole au hufuata?"

"Hili linatangulia." Sikudhani akasogea mbele. "Majaribio hayakuwa ya haki. Nimeipa Chekeche mji mtupu, ikaonyesha mtaa. Inaonyesha mahali watu wanapoulizana, si mahali ugonjwa unapozaliwa. Na kosa nililitia mimi katika miji yangu bila kujua, ndiyo maana hatukuliona."

Minong'ono. Pandu akatazama chini. Machano hakukasirika, akatabasamu, na tabasamu lake lilikuwa na baridi zaidi.

"Vizuri. Unasema mkono wako una kosa."

"Ndiyo."

"Na mji mtupu uliumbwa na mkono gani?"

Sikudhani akakitazama kidole chake chenye kovu.

"Mkono wenye kosa umetuletea ushahidi wa kosa. Tuuamini upi? Ule uliosema Chekeche ni nzuri, au huu unaosema ni mbaya, siku ambayo imetaja..." Hakumalizia. Akamtazama Mwanahija, kisha akamrudia Sikudhani, na macho yake yakasema, najua ulikolelewa. "Binti yangu, watu huko nje wanaogopa. Mtu mwenye hofu hataki ukweli, anataka upande. Mwambie 'hatujui', kesho atamchoma jirani yake kwa kubahatisha. Mimi nikimpa mtaa mmoja, nimeiokoa mingine. Hilo ni kosa, lakini ni kosa lenye utaratibu."

Hoja ilikuwa nzuri. Hapo ndipo palipokuwa na hatari. Malori yakanguruma. Machano akamgeukia Pandu. "Basi wewe mwenye chekeche yako. Njoo utie kidole, utaje jina lako kwa sauti, tumalize."

Pandu akasogea. Akainua kidole. Kimya kikaingia, kikakaa, kikaanza kunuka. Midomo ya Pandu ilikuwa wazi, na macho yake yalikuwa yakitembea ukutani kama mtu anayetafuta swichi katika nyumba ya watu. Sikudhani akaona. Hakuna mwingine aliyeona; Mji wa Juu walikuwa mabingwa wa kuketi gizani na uso wa mchana. Angeweza kusema, tazameni, amesahau, naye si wa Wafinyanzi! Lingefaa. Pandu angemalizwa hapo hapo mbele ya watu wake, amevuliwa hadi mfupa.

Badala yake akavuta pumzi, akauliza kwa sauti kubwa, kama mtu wa kwao:

"Jamani, mimi nani?"

Sikio la chuma likatikisika. Watu wakashtuka, mabenchi yakalia. Salhina wa Mji wa Juu akafunika pua yake kwa upindo wa baibui, kana kwamba swali lina vijidudu. Machano akakunja uso.

"Si mchezo huo, binti."

Lakini Mwanahija alikuwa amekwisha kusimama. Hakujua hila, hakujua mshale umetaja nini. Alijua jambo moja, kwamba mtoto wake ameuliza na hajajibiwa.

"Wewe Sikudhani," akasema, "uliyekojoa kitandani kwangu mpaka ukaota meno ya ukubwa. Na mimi nani?" Akamgeukia aliyekuwa karibu naye, ambaye kwa bahati mbaya au nzuri alikuwa Salhina.

Salhina akatazama kulia na kushoto. Akakaza midomo. Lakini Mwanahija alimsimamia tu, amemwinamia, anangoja kwa upole mbaya ule wa mtu anayekudai salamu, na swali lisilojibiwa ni zito, halibebeki na mtu aliyekaa.

"Wewe... Mwanahija," akasema Salhina kwa sauti ya pua. "Unanuka moshi."

"Ahsante, mama. Sasa uliza wewe."

"Sina haja ya..."

"Uliza tu, haiumi."

Lakini aliyeuliza si Salhina. Ni Pandu. Bado alikuwa na kidole hewani, na sauti iliyomtoka haikuwa yake ya hesabu. Ilikuwa ya mtu aliyekaa gizani muda mrefu na ameona mlango umeachwa wazi kidogo.

"Na mimi?" akasema. "Na mimi... tafadhali... mimi nani?"

"Wewe Pandu," Sikudhani akamjibu haraka, kabla aibu haijamfikia. "Mwenye leso ya pasi. Ulilia tulipofaulu."

Pandu akashika meza. "Pandu," akasema. Akalionja. "Pandu."

Salhina aliyaona hayo. Uso wake ukafanya kitu ambacho uso hufanya pale kamba inapokatika kwa ndani. "Mume wangu," akasema, "tumemfungia tangu mvua. Anatutazama kama wapangaji." Kisha, polepole, kwa hofu, akamgeukia shahidi wa nyuma yake: "Na mimi je? Mimi nani?" Huyo akamjibu, akauliza. Wa nyuma yake akajibu, akauliza. Wako waliouliza kwa adabu tu, na wako waliouliza huku wametoa macho, wakingoja jibu kama mtu anavyongoja kutolewa shimoni, na hao hawakuwa wachache, na walikuwa wa mitaa yote. Swali likaruka benchi hadi benchi. Sikio la chuma likawa linatikisika bila kupumzika, kama jani lililokamatwa na upepo, na kule ndani kompyuta ikakoroma, Chekeche ikatikisa, habari mpya ikiifuta ya zamani.

Kitambaa kilichofunika mshale kikavutwa na mshale wenyewe ulipozunguka. Kikaanguka. Ukaacha Wafinyanzi mbele ya macho ya watu wote, ukakatiza ramani, ukasimama juu ya mraba mdogo mweusi: Nyumba ya Majaribio.

Mwanahija alikuwa ameona ulikotoka. Akamtazama Sikudhani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakusema kitu.

"Umeichezea," Machano akasema taratibu.

"Nimeijaribu, Bwana Mkuu. Na mji wa safari hii sikuuumba mimi."

Mlango ukafunguliwa. Dereva mkuu wa malori alisimama hapo, amechoka kungoja, kofia mkononi. Akatazama ramani; kusoma ramani ndiyo kazi yake. Akautazama mshale, akautazama ukumbi uliojaa watu, akasogea kando ya mlango kuacha nafasi, kama anayewapisha abiria.

"Amri ni mshale," akasema. "Na mshale nauona. Lakini pia sipakii mtu bila mkubwa kutamka. Bwana, tupakie walio humu? Na niandike amri imetoka kwa nani? Niambie jina."

Wote wakamgeukia Machano. Akafungua kinywa. Akiamuru malori, angekuwa wa kwanza kupanda. Akikataa, mshale ni takataka, na mtu mwenye utaratibu hatupi takataka mbele ya watu. Kinywa kikabaki wazi. Mpaka leo wako wanaobisha: wengine husema hakutaka kulitaja jina lake, wengine husema alilitafuta akalikosa. Sikudhani alikuwa karibu naye kuliko wote, na aliyaona macho yake yakitembea ukutani.

Dereva akangoja, akangoja zaidi, akavaa kofia yake. Akatoka. Lori la kwanza likazimwa, kisha la pili, na kimya kikaja kutoka nje, kikajaza ukumbi hadi darini.

Mwanahija akamsogelea yule mkubwa, akamshika mkono kwa vidole vyake vyenye udongo, na kwa sauti ndogo kuliko hata ya kwake akamwambia:

"Usione haya, baba. Uliza."